Jibini Elfu Moja na Tisa

Nilimwita mwanamke mwaminifu mwizi kwa sababu ya hesabu niliyoisoma nusu.

Nilikuwa mlinzi wa stoo ya jibini, au fromaji kama tunavyosema kwetu, katika vilima vya Masisi. Mwanamke huyo ndiye aliyezitengeneza, kwa maziwa ya familia zote za karibu. Tulikuwa tukizipanga kwenye mbao kwa idadi sawa, ili anayezigeuza kila asubuhi asiruke hata moja. Msimu ule alitangaza elfu moja na tisa. Nikapanga kumi kumi, ubao wa mwisho ukabaki na tisa. Nikajaribu saba saba, kumi na moja, kumi na tatu. Hazikukubali.

Shuleni tulifundishwa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Mwalimu alituandikia mpaka tisini na saba, kengele ikalia. Nikaamini zinaishia hapo. Namba kubwa lazima ivunjike mahali fulani.

"Mama, hii hesabu iko ya uongo," nikamwambia mbele ya wafugaji. "Zilikuwa elfu moja na kumi. Moja iko wapi?"

"Papa, mimi nilitengeneza hizo tu. Tumbo langu halina fromaji yako!"

Wenye ng'ombe waliniamini mimi, mtu wa shule. Wakamfukuza.

Miaka ikapita. Vita vilitusukuma sote hadi Kitshanga, naye akawa anauza maziwa sokoni. Nilikuwa nikizunguka mbali nisimkute. Mwaka huu nilinunua karanga zilizofungwa kwa ukurasa wa kitabu cha hesabu. Hapo palikuwa na orodha ya namba tasa, na ya kwanza baada ya elfu moja ilikuwa elfu moja na tisa.

Nilikaa chini nikagawanya mwenyewe, kwa mbili, tatu, tano, hadi thelathini na moja. Kupita hapo hakuna haja: thelathini na mbili mara thelathini na mbili tayari imeizidi, na kigawanyo kikubwa kingekuwa na mwenzake mdogo niliyekwisha kumjaribu. Kila mara kilibaki kitu.

Nikamwendea.

"Mama, ulisema kweli. Ile namba haigawanyiki."

"Miaka yote hii, njo leo umemaliza kuhesabu?" Wauza maziwa wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Uliniita mwizi mbele ya watu, Papa. Sema mbele ya watu."

Nikasimama katikati ya mabidoni ya maziwa nikasema yote, hata ile kengele ya shule.

"Kumbe shule ya Papa ilikuwa fupi!" mmoja akapaza sauti.

Ilikuwa fupi kweli, na kiburi changu kikawa kirefu. Sikumrudishia kazi yake wala ile miaka. Lakini yeye aliwageukia wenzake akawauliza, "Mumesikia?" Wakaitika kwamba wamesikia. Kisha akanipa mkono.

Nashukuru kwamba nilimkuta angali hai, na kwamba alikubali kunisikiliza mpaka mwisho.