Mtihani wa Khalfan Kati ya Dallas na Houston

Khalfan wa Alief, mtaa wa Houston, ana miaka sitini na saba, na ukimwuliza anaogopa nini atakwambia anaogopa vimbunga. Usimwamini. Anaogopa kusahau. Kaka yake huko Tanga alianza kwa kusahau miwani, akaja akasahau njia ya msikitini, na mwisho akawa anamkaribisha mkewe sebuleni kama mgeni. Tangu habari hiyo imfikie kwa simu, Khalfan hujipima kichwa kama wenzake wanavyojipima presha.

Kipimo chake ni sataranji. Alitengeneza mashine za hospitali miaka ishirini na mitano, na tangu astaafu hakuna mashindano ya wazee Texas yanayompita. Kila mchezaji huandika hatua zote kwenye karatasi. Wakati wa kurudi nyumbani Khalfan huendesha, mkewe Kidawa hushika karatasi ile, naye huutaja mchezo mzima kwa kichwa, mwanzo hadi mwisho. Kidawa alifundisha hesabu darasa la tano huko Pongwe, Tanga, na hajui kumbembeleza mtu. "Kosa," husema, basi. Zamani alikuwa akimkamata mara mbili tatu kila safari. Mwaka huu, miezi imepita hajamkamata hata mara moja, na Khalfan akaanza kutembea kifua mbele.

Jumapili ile walikuwa Dallas. Mshindi wa kundi la waliopita miaka sitini na mitano angepelekwa kwenye mashindano ya dunia ya wazee, na mchezo wa mwisho Khalfan alikutana na Zéphyrin, Mkongo wa DeSoto jirani na Dallas, mpole wa maneno lakini mezani hana masihara. Mambo yalikwenda vizuri mpaka hatua ya thelathini na moja. Hapo Khalfan aliinua mkono kucheza, mkono ukabaki hewani. Hakujua kete zake ni zipi. Aliziona nyeupe, akaziona nyeusi, na zote zilikuwa za watu wengine. Jasho lilimtoka mgongoni huku kiyoyozi kikivuma. Akajifanya anafikiri, akachungulia karatasi yake, akakuta amejiandika upande wa kete nyeupe. Dakika saba zilikuwa zimekwenda.

Alishinda. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba mtu anaweza kupotea kiasi kile na bado watu wakampigia makofi.

"Félicitations, papa," Zéphyrin alimwambia wakipeana mikono. "Pale katikati uliwaza sana, mimi niliona uko na mtego."

"Ndiyo," Khalfan akasema. "Mtego."

Fomu aliyopewa ya safari ya mashindano ya dunia aliikunja akaitia mfukoni bila kuijaza. Aliapa moyoni kwamba mtihani wa njiani ndio utakaoamua. Akifaulu, atatia sahihi leo leo. Akikosea, atakwenda kwa daktari.

Walipoupita mji wa Corsicana, Kidawa akavaa miwani na kuikunjua karatasi.

"Haya, Baba Rukia. Anza."

Akaanza, mikono imeng'ang'ania usukani. Askari wa mfalme, farasi, farasi wa pili. Hatua ya kumi na mbili malkia wake alimla malkia wa Zéphyrin, naye akaliwa papo hapo, wakatoka wote wawili.

"Sawa," Kidawa akasema.

Kwenye hatua ya kumi na sita alisita. Ngome au farasi? Hakuwa na hakika hata kidogo. Akabahatisha ngome.

"Sawa."

Sauti ile ilikuwa laini mno, na Kidawa si mtu wa sauti laini kwenye makaratasi. Khalfan akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, akamtega mkewe.

"Kumi na nane," akasema. "Malkia wangu akala farasi wake."

Malkia aliyekwisha kutoka mezani. Mtoto wa darasa la tano angelikamata kosa lile.

Kidole cha Kidawa kilikuwa kwenye mstari wenyewe. Kilitulia pale kidogo.

"Sawa," akasema. "Endelea."

Lori likawapita.

"Mama Rukia, malkia hayupo. Nimekutega."

Kidawa aliikunja karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu.

"Tangu lini?" Khalfan akauliza.

"Tangu Ramadhani." Akavua miwani. "Mwanzo ilikuwa hatua moja, nikasema amechoka, kafunga. Halafu zikawa tano. Safari iliyopita uliutaja mchezo mwingine kabisa, baba. Nilishindwa kukwambia. Ulikuwa unafurahi."

Ramadhani ilikuwa imepita miezi sita. Miezi yote hiyo, kila Ijumaa, Khalfan alikuwa akienda mtaa wa Gulfton kuwachukua wajukuu shule, wanne kwenye kiti cha nyuma.

"Na watoto je?" akauliza. "Mbona uliniachia watoto?"

"Si nilikuwa nakuja na wewe kila mara? Ulidhani nafuata nini?"

Khalfan akawasha indiketa, akaingia kituo cha mafuta kilichokuwa mbele, akasimamisha gari na kumnyooshea ufunguo. Hakujua hata yeye kama anamwomba au anamjaribu. Kidawa aliupokea, na kabla mumewe hajafungua mkanda, alikuwa amekwisha kuzunguka gari na kusimama mlangoni kwake, akimngoja ashuke.