Diski Iliyogoma na Jogoo wa Mtani

Koleta aliwasha swichi ya ukutani, akaikodolea macho diski yake. Ile taa ndogo ya buluu haikuwaka. Akazima, akawasha tena. Hola. Akainama, akaweka sikio. Siku zote diski hiyo huvuma kidogo ikishapata umeme, lakini leo ilikuwa kimya kama jiwe.

"Usinifanyie hivyo," akaiambia. "Siku nyingine zote sawa, lakini leo nakuomba."

Mama mzima kubembeleza dude jeusi mezani, utacheka, lakini ngoja ujue lililomkuta. Koleta wa Ipuli, mjini Tabora, ndiye mpiga video za harusi na misiba. Ni Mnyamwezi mzaliwa wa Goweko, mtoto wa wakulima wa tumbaku, aliyeolewa na Alois mpiga picha. Alois alipofariki, shemeji zake walitaka kamera iuzwe. Koleta akasema kamera haiuzwi, akaitia begani, akaenda nayo harusini huku bado amevaa nguo nyeusi. Tangu hapo kila alichopiga kimo ndani ya diski hiyo moja, ile ya kuchomekwa ukutani kwa adapta. Nakala hana. Kila mwaka anasema atanunua diski ya pili, na kila mwaka anasema tena. Ukaidi wa kujitakia huo, na leo ulikuwa unamtokea puani.

Maana leo alikuwa na ahadi. Mzee Sadiki, Mzaramo aliyekuja Tabora kufanya kazi ya reli akastaafia hapa hapa, Ng'ambo, alikuwa amefariki wiki hiyo na kuzikwa siku ile ile. Binti yake wa pekee, Zuena, alifika kesho yake kutoka Morogoro, akakuta udongo umeshafukiwa. Zuena hakuomba mengi.

"Mama Koleta, naambiwa baba yumo kwenye video zako. Mimi sina sauti yake hata kidogo. Alikuwa na simu ya kitochi, tukipigiana na kukata, basi. Nisikilizishe kabla sijapanda treni."

"Mwanangu, utamsikia mpaka umchoke," Koleta alimjibu. Treni yenyewe ilikuwa ya jioni hii.

Na Koleta alijua ni video ipi. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na Mzee Sadiki hakuacha siku ipite bila kumkumbusha. "Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani," alikuwa akisema, "na babu yangu akamwibia akiwa amelala. Ndiyo maana mimi nina akili na wewe una mabega." Siku ya maziko ya Alois, mzee huyo aliingia kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akagoma kutoka, kama watani wafanyavyo misibani, mpaka apewe jogoo. Rafiki wa Alois alikuwa anapiga video. Koleta aliihifadhi, ila moyo wa kuifungua hakuwahi kuupata.

Sasa zamu ilipogeuka, akiwa mkekani kwenye msiba wa Mzee Sadiki, watu walimtazama wakisubiri mtani afanye yake. Hakufanya kitu. Maneno yalimkauka, akalia kama wafiwa wengine, akarudi nyumbani ameinamisha kichwa. Alikuwa amemzika mtani wake bila utani, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka watu wajue. Kilichobaki cha kumfanyia mzee ni hii video, na sasa video haitoki.

Akahamisha diski kwenye soketi ya feni. Feni ilikuwa inazunguka vizuri tu, diski kimya. Akabadilisha waya wa kwenda kwenye kompyuta. Akabeba diski na waya zake mpaka kwa jirani mwenye kompyuta nyingine, na hiyo nayo haikuona kitu. Akachomoa, akasali Salamu Maria, akachomeka. Mkono ukamwasha kuipiga kofi, akajizuia. Imekufaje nayo ilikuwa imelala? Kanisani harusi hazifungwi wakati wa Kwaresima, na kazi nyingine hakupata, kwa hiyo tangu kabla ya Jumatano ya Majivu diski ilikuwa kwenye mkoba wake pale sebuleni, haijaguswa.

Saa saba ilishapita. Akafungasha kila kitu, kompyuta pamoja, akapanda bodaboda mpaka kwa fundi Masolwa karibu na soko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Niokoe."

Masolwa akachomeka, akasikiliza, akagonga kasha kwa kucha. "Hii itakuwa bodi ya ndani, mama. Niifungue?"

"Ukiifungua itapona?"

"Sikudanganyi. Naweza kuiponya, naweza kuimaliza kabisa."

Harusi za watu wote wale, mahubiri, vicheko, Alois mwenyewe, vyote vilikuwa chini ya bisibisi ya Masolwa. Na Zuena alikuwa anasubiri.

"Fungua."

Masolwa akaanza skrubu ya kwanza. Koleta hakuweza kutazama. Akageuza uso ukutani, na pale ukutani macho yake yakaangukia adapta. Sasa, Koleta ana tabia moja: vyombo vyake vyote huvitia tone la rangi nyekundu ya kucha, kwa sababu harusini waya za watu huchanganyika na usiku kila mtu anajibebea tu. Diski ilikuwa na tone lake. Waya ulikuwa na tone lake. Akaichomoa adapta, akaigeuza huku na huku. Haikuwa na tone.

"Acha!" alipiga ukelele mpaka bisibisi ikamponyoka Masolwa. "Acha, baba! Hii si ya kwangu!"

Masolwa akaichukua, akasoma maandishi ya mgongoni. "Ala! Hii ni ya king'amuzi." Akaigusisha kipimo chake. "Na imekufa zamani. Mama, diski yako haiumwi. Ina njaa tu."

"Basi ipe nyingine!"

"Ninazo sanduku zima, ila inayolingana na hii sina. Nikibahatisha ikapata umeme mkubwa, hapo ndipo tutaiua kweli. Tafuta yake."

Aitafute wapi? Kikulacho ki nguoni mwako. Nani alikuwa ameingia sebuleni kwake? Koleta akasimama pale na ile adapta mfu mkononi, na taratibu ikamjia. Mzee Sadiki alikuja kumjulia hali Kwaresima ilipoanza. "Mwangaluka, mpagazi!" alibisha hodi kwa Kinyamwezi chake cha kuchokoza. Koleta alikwenda jikoni kuchemsha chai, akamwacha mzee amekaa kando ya mkoba. Na wakati wa kuaga, mkono umo mfukoni mwa koti, mzee alimwambia, "Mtani, siku ukikasirika sana, njoo Ng'ambo na jogoo. Awe mwekundu." Koleta alidhani ni maneno ya uzee.

"Toba!" akasema. "Yule mzee ameniibia!"

Alikuwa amembadilishia adapta na kumtegea, akakaa kwake akisubiri Mnyamwezi aje akitukana na jogoo kwapani. Akafa anasubiri.

Akabeba diski na kompyuta yake, bodaboda ikamfikisha Ng'ambo. Mkoba wa Zuena ulikuwa umeshafungwa, uko mlangoni.

"Zuena, koti la baba liko wapi?"

"Tumeshagawa nguo, mama. Koti limekwenda kijijini na mjomba tangu asubuhi. Kuna nini?"

Koleta akaegemea ukuta. "Mfukoni mlikuta kitu? Adapta, nyeusi?"

"Mifuko ilikuwa mitupu, nilikagua mwenyewe." Zuena akamtazama vile alivyokuwa anatweta, akamwonea huruma. "Mimi nimechukua redio yake tu. Na chaja ya hiyo redio, ilikuwa juu yake imefungwa kwenye leso."

"Redio ya mzee ni ya betri, mwanangu," Koleta akasema polepole.

Wakaufungua mkoba kwa pupa, nguo zikamwagika sakafuni. Leso ilikuwa imepigwa fundo gumu, la mtu wa kufunga mizigo, na Koleta akalifungua kwa meno. Tone jekundu lilikuwa pale.

Wakachomeka hapo hapo sebuleni kwa mzee. Taa ya buluu ikawaka. Diski ikaanza kuvuma, na Koleta akashika kifua.

Kwenye kompyuta likaonekana kaburi, na ndani yake Mzee Sadiki amelala chali, kofia imekaa upande. "Sitoki!" sauti yake ikajaa chumba. "Mnyamwezi huyu amebeba mizigo ya watu maisha yake yote, leo anataka abebwe yeye? Nani kamruhusu? Leteni jogoo! Na mjane acheke. Asipocheka, simpi mumewe nafasi, nalala hapa hapa!" Mjane akaonekana pembeni ya udongo amejiziba uso kwa khanga, mabega yanatetemeka, kisha kicheko kikamtoka.

Zuena alikuwa analia bila kujifuta, amesogea mpaka pua inakaribia kioo. Koleta akamtazama, akautazama uso wa mzee, na kile kilichomkwama mkekani kikamtoka. Akasimama, mikono kiunoni.

"Mwizi wewe!" akamfokea mzee kwenye kompyuta, machozi yanamtiririka. "Babu yako aliiba pembe, wewe unaiba adapta! Pwani mmeishiwa? Ulidhani ukifa ndiyo umenikwepa? Jogoo hupati! Namla mimi na mwanao! Na binti acheke, asipocheka siondoki hapa!"

Zuena akageuka, kinywa wazi. Kisha akacheka, kicheko kile kile cha baba yake kinachoanza kama kikohozi, na Koleta akamkumbatia wakaanguka wote kwenye nguo zilizomwagika.

Treni iliondoka bila Zuena. Akapiga simu kazini, akaomba siku nyingine. Koleta akatafuta jogoo mwekundu, jirani akamchinja, wakampika kwenye jiko la mzee huku video inarudiwa. Firigisi, ambayo ni ya mwenye nyumba, waliiweka peke yake kwenye sahani ya Mzee Sadiki, na hakuna aliyeigusa mpaka chakula kilipokwisha.

"Kula wewe," Koleta akasema hatimaye, akimsogezea Zuena sahani. "Ukichelewa, ataiiba."