Wanachuo Waliokuja Kutuchunguza

Walikuja wanne, wakati wa likizo yao ndefu, vita vimekwisha lakini sukari bado inatolewa kwa kipimo. Walitoka chuo kikubwa cha ng'ambo ya ziwa, nchi nyingine kabisa, wakashuka stesheni ya Changamwe na masanduku ya bati yaliyojaa karatasi. Hakuna mwalimu aliyewaongoza, na jambo hilo walilitaja kila walipopata nafasi, kama mtu anayekuonyesha viatu vipya. Shughuli ilikuwa yao wenyewe wanafunzi. Wameichagua Pwani, nchi ya kigeni kwao, wataichunguza mpaka mizizi, kisha wataandika kitabu.

Mimi nilikuwa nikifundisha watoto wadogo katika shule ya misheni, juu ya Jomvu Kuu, msichana wa miaka ishirini na miwili. Mkuu wa shule aliwapa darasa moja walale, akanipa mimi kazi ya kuwatembeza majumbani, kwa kuwa nilijua Kiingereza na akina mama walinijua. Nilifurahi, nakiri. Nilidhani nitajifunza kitu kwa watu walionizidi elimu. Furaha hiyo ilidumu siku mbili.

Kiongozi wao alikuwa kijana mrefu, amevaa soksi hadi magotini katika jua lile. Alikuwa na orodha ya maswali aliyoyaandika huko huko chuoni kabla hajauona mnazi hata mmoja, naye aliyauliza kwa kufuata namba. Ajuza mmoja alianza kumweleza jinsi wazee wake walivyohama milimani wakati wa njaa, habari ambayo hata mimi sikuwa nimeisikia. Kijana akainua mkono kumnyamazisha.

"Hiyo si sasa. Sasa mimi nauliza vyungu. Yeye iko na vyungu ngapi?"

Ajuza akanitazama. Nikamwambia, "Bibi, anataka kujua una vyungu vingapi."

"Vitatu," akasema, akafunga kinywa. Alifariki kabla sijarudi kumuuliza habari ile ya njaa, na sasa hakuna aijuaye.

Jioni hiyo tukipanda kilima nikasema, "Nshachoka." Kijana akaniambia neno hilo halimo katika kitabu cha sarufi, na kwamba inafaa tujifunze kusema sawasawa. Kumjibu kungekuwa kumheshimu.

Wiki ya tatu, jirani yetu, mama mmoja mjane aliyekuwa akishona makuti ya kuezekea, alifiwa na mwanawe wa pekee, mfanyakazi wa bandarini, kwa homa ya siku nne. Asubuhi nilipita shuleni kuwapa habari.

"Leo sitakwenda nanyi," nikamwambia kiongozi. "Tuna msiba."

"Vizuri sana," akasema, akageuka kuwaita wenzake. "Habari za maziko tulikuwa bado hatuna."

Akaniuliza ni nyumba gani. Nikamwonyesha kwa kidole. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni kwamba nilikuwa na adabu za kijinga: mtu akiuliza njia, unamwonyesha.

Wanawake tulikuwa tumeketi mikekani, mfiwa katikati yetu, na jeneza chumba cha pili. Kiongozi alipita mbele ya wanaume waliokuwa uani, akaingia na viatu vyake. Hakusema makiwa wala pole. Alisema, "Hamjambo wote," akakalia kiti tulichomwekea mchungaji, akafungua daftari.

"Mama, nyinyi nalia siku ngapi?"

Mimi nilikuwepo pale, hatua mbili tu kutoka kwake, nikainamisha macho mkekani. Mfiwa ndiye aliyemjibu, taratibu kabisa.

"Kaa, mwanangu. Ukikaa utajua."

Nikaona mkono wa kijana ukiliandika hilo nalo.

Makaburini wanaume walishika koleo kwa zamu kurudisha mchanga. Kwetu hakuna mwanamume asimamaye mazikoni bila kutia mchanga, hata awe mgeni wa jana. Mzee mmoja, ndugu wa mfiwa, alimnyoshea kiongozi koleo.

"Mimi nimekuja kutazama tu," akasema.

"Haya, baba," mzee akajibu, akampa mwingine.

Mmoja wa wale wanne, mfupi, asiyesema sana, alivua koti, akapokea koleo, akafanya kazi mpaka shati likamganda mgongoni. Kiongozi alikuwa keshapima kina cha kaburi kwa kamba.

Siku ya pili yake kila nyumba tuliyoingia tulikaribishwa vizuri, tukapewa mihogo na chai, na hatukuambiwa kitu. Mama mwenye watoto saba aliulizwa ana watoto wangapi, akasema hilo analijua Mungu. Seremala akaulizwa mlango hutengenezwa kwa mbao gani, akasema hajui. Ikawa hivyo kwa siku sita.

"Watu wako hawajui hata mambo yao wenyewe," kiongozi akaniambia.

Ningeweza kumweleza alichokikosea msibani. Ilikuwa kazi yangu. Lakini nilikuwa nikiustarehekea sana ujinga wake, nikamjibu, "Labda wamechoka." Juma lile lile wakafunga masanduku, wakaenda zao kabla ya siku zao kutimia.

Baada ya mwaka na zaidi kitabu kilifika shuleni, chembamba, kwa Kiingereza. Kilisema watu wa sehemu hii ni wavivu wa maneno na hawana kumbukumbu. Kilisema mimi nilikuwa msaidizi mwenyeji, mwaminifu ila mwenye fikra fupi. Chini ya maneno hayo walitia majina yao yote manne, pamoja na la yule aliyeshika koleo. Huyo ndiye niliyemdharau kuliko wote, maana yeye aliona.

Mfiwa alisikia kwamba kitabu kimekuja. Akanijia uani kwetu, vidole vimechubuka kwa ukuti.

"Wameandika nini habari za mwanangu?"

Nikatafuta ukurasa, ingawa nilikuwa nimekwisha kuusoma.

"Wameandika kaburi lilikuwa na kina gani," nikamwambia.

"Na yeye?"

"Yeye hawakumwandika, mama."

Akatikisa kichwa. Akaniuliza kama nimepika, nikasema bado, tukaingia jikoni.