Kisima cha Ndabibi na Chumvi Iliyorukwa

Mpimaji wa maji niliyefanya naye kazi katika maabara moja hapa Nakuru, miaka ya hamsini, amefariki. Nilipopata habari nilitaka kulia, nikajikuta nimekasirika. Amekufa na kisima cha Ndabibi bado kimejazwa mawe.

Mlowezi mmoja wa huko alidai kwamba wafugaji wanaosha ngozi za mifugo kisimani kwa shabu, ile dawa ya kutengenezea ngozi, na ng'ombe wake wanakufa. Tukaletewa maji tutafute alumini, kwa maana shabu inayo. Wasomaji mnivumilie kidogo: kazi hiyo ina utaratibu wake. Unatia chumvi ya amonia kwanza, ndipo unatia amonia yenyewe. Chumvi inaibana amonia isitoe ukali wake wote, kwa hiyo alumini inaganda na kushuka, lakini magnesiamu, ambayo imejaa katika visima vingi na haina hatia yoyote, inabaki imeyeyuka. Ukiiruka chumvi, magnesiamu nayo inashuka, nyeupe vilevile.

Asubuhi ile chumvi ilikuwa imekwisha. Sanduku jipya lilikuwa stesheni, mwendo wa kutembea tu. Mkubwa wetu, Mzungu, akasimama mlangoni.

"Pesi pesi! Lori ya Ndabibi nangoja."

"Bwana, ngoja kidogo nilete chumvi kutoka stesheni," mwenzangu akasema.

"Hapana ngoja. Tia amonia, angalia, sema."

Mwenzangu akatia. Weupe ukashuka. Akasema ni shabu, na lori likaondoka na neno hilo.

Kesho yake alirudia kwa chumvi, na maji yakabaki safi kabisa. Alikimbia kwa mkubwa, akajibiwa kwamba kazi imekwisha. Kisima kilikuwa kimeshafukiwa. Siku chache baadaye mama mmoja mfugaji akafika mlangoni petu.

"Hii maji tumekunywa tangu zamani. Nani alikufa? Sasa watoto watakunywa nini?"



Miaka yote iliyofuata, tukikutana Kikopey kula nyama, mwenzangu alirudi palepale. "Si ningeenda tu stesheni, ndugu yangu." Nilichoka kumsikia, nikamwambia aache. Alikwenda mara nyingi kuomba kisima kifukuliwe, kwa wakoloni na baadaye kwa watu wetu wenyewe, na wote walimwambia arudi wiki ijayo. Inaniudhi kwamba waliomharakisha siku ile hawakuwahi kuharakisha chochote tena.

Kwa hiyo wewe kijana unayepima kitu leo huku mkubwa amesimama mlangoni, lori liache lingoje. Nenda stesheni kwanza.