Mafuta ya Kambale Kwenye Gari la Bibi Harusi

Nilipaka springi za gari langu mafuta ya kambale. Ndiyo, kambale, yule samaki wa masharubu! Cheka kwanza, msomaji, kisha utatema mate, maana nilichofanya baada ya hapo kinanuka kuliko hayo mafuta.

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Wenzangu niliosoma nao sekondari wako mijini na suti zao. Mimi niko Ifakara, uvunguni mwa gari kuukuu la kabla ya Vita Kuu ya Pili, nililoachiwa na Mzungu mmoja aliyechoka kulipiga hendeli ili liwake. Nalipenda vibaya! Magari haya mapya ni madebe ya biskuti, ukiyaegemea yanabonyea. La zamani ni chuma. Linakula chochote, linasamehe chochote. Hayo niliyahubiri kila jioni barazani, jirani yangu Mama Kolumba akinisikiliza huku anapepeta mchele, hadi nikayaamini mwenyewe.

Basi mpwa wangu Felista, binti wa dada yangu wa Katindiuka, akapata mchumba wa Mahenge. Nikaapa hatakwenda kanisani kwa miguu wakati mjomba wake yu hai.

Springi zilikuwa zinalia kama fisi, na girisi madukani hakuna. Nikakumbuka chungu cha mafuta ya kambale kilicholetwa kutoka Mofu. Nikapaka. Zikanyamaza! Wajomba wa bwana harusi walipoleta mahari, wakasifu gari lilivyo kimya, nikawaambia, "Hiyo ni girisi maalumu, nimeiagiza Dar es Salaam."

Siku ya harusi jua likawaka. Loo! Mafuta yakayeyuka, yakadondokea bomba la moshi. Shombo ikapanda kupitia nyufa za sakafu, ikaingia hadi ndani ya shela. Nyuma yetu mbwa wa mtaa mzima wanakimbia, wanalamba barabara.

"Mjomba, simamisha, nakufa."

"Vumilia, mwanangu. Gari la zamani lina harufu yake."

Mlangoni mwa kanisa akashuka, akatapika juu ya viatu vya mama mkwe.

Mama mkwe akatazama viatu, kisha akatazama tumbo la bibi harusi. "Kumbe! Mmetuletea wawili kwa mahari ya mmoja?"

"Mama, ni gari!" Felista akalia. "Mwulizeni mjomba!"

Wote wakanigeukia, na wale wajomba wa girisi maalumu wakiwa mbele. Lilihitajika neno moja tu: kambale. Nami nikasema nini? "Gari langu halina kasoro."

Puh! Najitia kichefuchefu kuandika.

Wakwe wakarudi Mahenge, wakasema watangoja tumbo liseme. Felista akajifungia ndani. Wasichana wenzake wakipita kwenda kisimani wanajitia kutapika chini ya dirisha lake. Na mimi mwanamume mzima nikaendelea kusugua taa za gari!

Hadi dada alipokuja kuniambia anampeleka binti kwa bibi yake Kisawasawa, akafichwe. Hapo ndipo neno liliponitoka. Dada hakunigombeza. Alipiga magoti kando ya gari, akapitisha kidole kwenye springi, akanusa, akatema mate karibu na mguu wangu.

Nikapanda Mahenge mwenyewe, nikayasema yote mbele ya wakwe. Walicheka huku wameziba pua, kana kwamba kambale ni mimi. Ni kweli, nilikuwa mimi! Lakini walikubali harusi irudiwe.

Nikaliosha gari kwa majivu, nikaliosha kwa ndimu, nikaliosha kwa maji ya moto, nikaliegesha mlangoni kwa dada. Bibi harusi akatoka. "Shikamoo, mjomba," akasema, macho chini. Kabla sijaitikia alishapita. Akaenda kanisani kwa miguu, pindo la gauni likiburura vumbi la Katindiuka.

Enyi wapenzi wa magari kuukuu, kipendeni chuma chenu, siwazuii. Lakini kikinuka, semeni kinanuka! Msingoje mtoto wa watu anuke badala yake.

Nilibaki nimeshika mlango wazi kama bawabu asiye na mgeni. Mama Kolumba, akiwafuata wenzake kanisani, akasimama, akachungulia ndani, akanusa viti.

"Gari limetakata, jirani," akasema. "Kinachonuka sasa ni mdomo wako."