Barua Iliyobaki Kwenye Kioo

Genoveva ni jirani yangu hapa Katesh. Mimi Hadiya nauza vitenge, yeye ana stationari: anachapa barua, anatoa kopi. Ni mtu wa taratibu mpaka anaudhi. Kila akimaliza kazi ya mteja anazima kompyuta na kuiwasha upya, dakika tano nzima, watu wanapiga miayo kwenye benchi.

"Hiyo mashine unailaza usingizi?" nilimuuliza siku moja.

Akanieleza kwamba draiva ya picha, yaani programu inayochora vitu kwenye kioo cha kompyuta, ina kasoro. Ukifunga barua ya mtu na kufungua nyingine, vipande vya ile ya kwanza vinabaki vinaonekana kwa muda. Kampuni iliyoitengeneza imekiri, ikaandika kuwa hatari yake ni ndogo, maana wa kuviona lazima awe amekaa mbele ya mashine yenyewe. Marekebisho yatakuja baadaye.

"Sasa kwangu nani hakai mbele ya mashine?" alisema.

Nikaona anajitia ukubwa tu.

Ijumaa moja alikwenda kununua karatasi, akaniachia duka. Alikuwa ametoka kumchapia barua Oliva, mjane wa kijiji cha Gendabi. "Akija mtu, zima kwanza," aliniambia. Nikaitikia.

Akaingia Mzee Akonaay. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Kiti chenye mgongo ni kimoja, kile cha mbele ya kioo, na huku kwetu mzee hakalishwi benchi wala hasubirishwi. Nikampa kiti. Sikuzima. Nilipofungua ukurasa mpya, yakatokea maandishi yaliyokatikakatika: Oliva. Baraza la kata. Shamba la marehemu mume wangu. Baba mkwe, Akonaay. Yalikaa kidogo, yakapotea. Mzee akavaa kofia yake, akatoka bila hata kusema shida iliyomleta.

Kesho yake asubuhi maksai wake waliingia kulima shamba la Oliva. Jumatatu Oliva alipofika barazani na barua yake, mzee alijibu kwamba shamba ni lake, si wanaona amelilima? Kesi ikaahirishwa wiki mbili.

Oliva akaja kumwambia Genoveva kwamba ameuza siri yake. Genoveva hakunitaja. Alisema tu, "Mashine ni yangu, dada." Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nakunja vitenge vilivyokwisha kunjwa. Nilijichukia, kweli.

Jumatano nikapanda bodaboda mpaka Gendabi. Nilimweleza Oliva yote, kiti, kioo, uzembe wangu, na mzee alivyosoma. Nilijua atanitukana. Akauliza, "Kwa hiyo aliiona barua kwanza, ndipo akalima ili aniwahi?"

"Ndiyo."

"Utasema hivyo barazani, yeye akikutazama?"

Nikasema nitasema.