Siku Skana ya Bagula Ilipogoma

Bagula hakuwahi kushindwa na karatasi. Kule Bukavu alikuwa na meza na taipureta karibu na mahakama, akiwaandikia watu barua za kuomba kazi, za kudai mashamba, hata za kuposa. Hapa Buffalo, Marekani, mtaani Black Rock, anafungasha vipuri vya plastiki kiwandani, lakini Wakongo wenzake bado wanamletea bahasha zao kama zamani. Mtu akipata barua ya serikali, hata kabla ya kuifungua, huambiwa: nenda kwa Bagula.

Kwa hiyo alasiri ile ya Oktoba 2015, skana ilipomgomea, hakuamini macho yake. Skana yenyewe ilikuwa imetembea kuliko wamisionari. Kanisa la Wakongo wa Louisville liliwapa wenzao wa Columbus, na binamu yake Bahizire, anayeishi huko, akaichukua akamletea. Jana mchana ilifanya kazi bila kinyongo. Leo kila akiiwasha inakereketa, inanguruma, kisha kompyuta inaandika kwamba haioni skana yoyote.

Na leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Saa kumi na moja jioni, mwanasheria aliyeko New York mjini angefunga faili la maombi ya kuja Marekani la Murhula, mdogo wake Bagula, na la Chimène, binti wa Murhula, yatima wa mama, mwenye miaka saba. Wawili hao walikuwa kambi ya wakimbizi Uganda mwaka wa nne sasa. Picha za karatasi zao zilizopigwa kwa simu mwanasheria alishazikataa, eti zina vivuli. Karatasi zikichelewa, foleni inaanza upya.

Bagula akachomoa waya, akauchomeka tundu jingine. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akapuliza vumbi, akaomba, akatukana, akatubu. Saa tisa akampigia Bahizire, ambaye aliijua mashine ile kama kiganja chake.

"Futa programu, kaka, uiweke tena," alisema Bahizire.

"Nimeifuta mara mbili!"

"Bon, ifute tena." Nyuma yake gari lilisikika linanguruma. "Ama acha nayo kwanza. Tuko mu njia. Baba mukubwa Nshombo alifika kwangu asubuyi na basi ya Louisville. Tunakuya naye."

Bagula alipigwa na butwaa. Mzee wa miaka sabini apande basi usiku kucha, kisha saa tano nyingine za gari, kwa ajili ya skana? Akatikisa kichwa, halafu, maskini, akafurahi. Kumbe ndugu zake walimpenda kiasi hicho.

Saa kumi na nusu uvumilivu ukamwisha. Akaibeba skana mikononi aitikise, na hapo akaona, kwa chini, kitufe kidogo chenye alama ya kufuli. Ni kufuli ya safari, ya kuzuia taa ya ndani isiyumbe garini. Aliifungua mwenyewe siku ile ilipofika, na sasa ilikuwa imefungwa. Kufuli kama hiyo haijifungi.

Akaisogeza. Akaweka picha ya Murhula, akabonyeza. Taa ikatembea taratibu chini ya kioo, na uso wa mdogo wake ukajitokeza kwenye kompyuta, unacheka.

"Imekubali!" akapiga kelele.

Nabintu, mkewe, akatoka jikoni mbio, akaushika waya wa skana na kuung'oa ukutani.

Miaka kumi na sita ya ndoa, Bagula hajawahi kumwona hivyo.

"Mama Grâce! Njo weye uliifunga?"

"Njo miye. Bahizire alinionyesha jana usiku mu simu."

"Kweli kikulacho ki nguoni mwako! Juu ya nini?"

"Usitume ya Murhula, Papa Grâce. Nakuomba."

"Nakuuliza juu ya nini!"

"Miye siwezi sema. Ngoja baba mukubwa afike."

Kwao mke hamwambii mume neno la namna hiyo. Mwenyewe haambiwi kwa simu, wala akiwa peke yake. Mkubwa wa ukoo huja, hata kama yuko mbali vipi, akaketi naye, ndipo likasemwa. Bagula alilijua hilo tangu utoto. Akaketi sakafuni, akimtazama mkewe kana kwamba hajawahi kumwona.

Gari likasimama nje. Mzee Nshombo akaingia na kofia mkononi, Bahizire nyuma yake akiangalia chini. Mzee akaketi, akaomba sala, akaanza kwa mbali kama inavyotakiwa: "Mwanangu, siye batu wa hii dunia..."

"Lini?" Bagula akamkata.

Mzee akashtuka. Hakuna anayemkata mkubwa katika maneno hayo. "Juzi," akasema hatimaye. "Malaria. Siku mbili tu."

"Na mutoto?"

"Chimène iko muzima. Iko kwa jirani, Mama Kampire."

Nabintu akaanza kulia kwa sauti. Bagula akatazama saa ya ukutani: kumi na dakika hamsini. Akainuka, akaurudisha waya ukutani. Akaitoa picha ya Murhula kwenye kioo, akaitia mfukoni mwa shati, akaweka kadi ya ukimbizi ya Chimène mahali pake, akabonyeza. Akamwandikia mwanasheria mstari mmoja: Murhula, baba wa mtoto, amefariki, mtoto yuko hai, naomba aitwe peke yake. Yeye aliyewaandikia watu wengi barua zao alikosea jina la mdogo wake mara tatu.

"Keti kwanza, mwanangu," Mzee akamwambia, amemkunjulia mikono. "Lia."

"Nitalia, baba," alisema Bagula, kidole juu ya kitufe cha kutuma. "Saa kumi na moja ikipita."